Fundi Bomba Apeleka Kopo

Kopo lenyewe dogo, mfuniko mwekundu,
na chini ya mfuniko kijiko kimeota kama ulimi.
"Mzee Chilongani, kiasi cha punje ya karanga kinatosha,"
alisema binti wa maabara, bila kucheka.
Mimi ndiye niliyecheka.
Miaka thelathini na moja nimezibua vyoo vya Dodoma,
Makole, Chang'ombe, mpaka Nkuhungu,
hakuna aliyewahi kuniomba nimletee kidogo.

Leo nimevaa koti, kopo mfukoni,
natembea polepole, maana mguu wa kushoto
umeacha kunipa habari.
Juzi msumari ulitoboa kandambili, ukaingia.
Keziya ndiye aliyeiona damu sakafuni.
Mimi nilikuwa nasikiliza redio.

Mishipa naijua. Sikusomea udaktari,
lakini maji yetu ya huku yana chumvi,
na bomba la robo tatu ukilikata baada ya miaka kumi
unakuta ukoko mweupe umekaa duara,
tundu limebaki la kupitisha penseli.
Mwenye nyumba hulaumu tangi.
Hulaumu mamlaka. Hulaumu jirani mwenye pampu.
Ukoko haulaumiwi, kwa sababu haukuja siku moja.

Daktari alinionyesha picha ya nyuma ya jicho langu:
vijito vyekundu, kama makorongo ya Bahi
anavyoyaona mwewe,
na hapa na pale doa, mahali ukingo umevuja.
Nikamwambia, hapa panataka kiungo kipya.
Akasema, "Hatuna, fundi. Sukari imekula kuta.
Na huenda wanaoichochea wako chini zaidi, tumboni,
wale wadogo tusiowaona."

Wale wadogo.
Wapangaji wangu tangu titi la mama,
hamlipi kodi, hamna mkataba,
mko gizani mnachachusha
makapi ambayo mimi siyawezi.
Naambiwa mlikuwa mkinitengenezea siki,
siki ya kulisha ukuta wa utumbo.
Naambiwa ukuta huo una utelezi wake,
na mkishiba makapi, utelezi unabaki;
mkilala njaa, mnaula huo huo,
mpaka ukuta unakaa uchi,
uchafu wenu unapenya kwenye damu,
na mishipani unawaka moto mdogo
usio na moshi.

Utelezi! Na mimi mtoto wa Mvumi,
niliyelelewa kwa mlenda,
ule wa kuvutika kutoka bakulini hadi kidevuni
kama uzi wa cherehani,
na ugali wa uwele wenye pumba zake.
Nikaja mjini, nikapata mshahara,
nikaanza kuuonea mlenda haya.
Nikala sembe nyeupe kama karatasi ya ofisi,
chipsi mayai saa nne, soda mbili kwa kila mtaro,
chai vijiko vinne, na bado nauliza,
"Humu mmetia sukari kweli?"
Kumbe sikuhama peke yangu.
Niliwahamisha na nyinyi, bila kuwauliza,
nikawaweka nyumba isiyo na chakula.

Sasa Keziya ameagiza ilende kijijini,
imefika kwenye kiroba, kavu, inanukia jua.
Anaitia karanga. Simwambii
kwamba ninakula kwa niaba ya umati.
Vidonge nameza, na kila jioni ananikagua nyayo kwa tochi
kama anayetafuta pini iliyodondoka.
Haya yenu bado wanayachunguza:
makopo mia mbili, wajue nani anaishi kwa nani.
"Hatuahidi kitu, mzee," alisema yule binti.
Nilimwelewa. Na mimi sikuwahi kumwahidi mteja
kabla sijafungua ukuta.

Foleni ni ndefu. Kila mtu na kifuko chake cheusi,
kama tumetoka buchani.
Hakuna anayemtazama mwenzake.
Kopo bado lina joto kiganjani,
na kiganja kinalisikia, ashukuriwe Mungu.
Mliomo humu, kaeni kwa adabu,
mnakwenda kusomwa majina.
Mliobaki, vumilieni.
Jioni kuna mlenda.